Nguvu ya injini ndiyo inayochora ndege ya sarakasi ya rimoti: kwa nini ndege zilinenepa na kupunguza mwendo

FundiBalsa

Wakuu, habari zenu.

Juu ya meza yangu ya kazi nimebandika michoro miwili. Wa kwanza ni wa ndege ya sarakasi ya rimoti ya miaka ya 1970: kiwiliwili chembamba kama kibua, magurudumu yanayokunjwa na kufichwa ndani ya bawa, pua iliyochongoka. Wa pili ni wa ndege ya sasa ya F3A, lile daraja la sarakasi ya usahihi linalosimamiwa na FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga: kiwiliwili kipana ubavuni, kimejaa mgongo na tumbo kama chewa, magurudumu yamesimama nje muda wote kwenye miguu ya nyuzi za kaboni, na mbele kuna pangaboi la inchi 20 au zaidi. Zote mbili zilichorwa kwa kazi moja: vitanzi, mibiringiko, mistari ya wima, kuruka chali na kuruka kwa ubavu.

Kila anayeiona michoro hii huniuliza mbona ile ya zamani inaonekana ina kasi kuliko ya leo. Jibu ni kwamba kweli ina kasi zaidi. Na kilichopunguza kasi ya ndege za leo ni injini kuwa na nguvu zaidi. Nimeanzisha uzi huu nieleze jambo hilo, kwa sababu naona watu wengi wanachagua ndege kwanza, halafu wanatafuta injini ya kutia. Mchoraji hufanya kinyume chake.

Tuanze na mstari wa wima, maana ndiko siri ilipo. Ndege ikielekea juu moja kwa moja, bawa halibebi tena uzito. Uzito wote unaning'inia kwenye pangaboi. Injini isipoweza kuubeba, ndege inapanda kwa kutumia mwendo iliokuja nao, kama jiwe lililorushwa juu. Jiwe lililorushwa kwa mita 40 kwa sekunde, ukiacha ukinzani wa hewa, hufika mita 81 hivi kabla ya kusimama. Ukilirusha kwa mita 20 kwa sekunde, halivuki mita 20 na kidogo. Mwendo ukipungua nusu, kimo kinabaki robo.

Sasa jiweke mahali pa mchoraji wa enzi zile. Sheria imekupa injini ya cc 10, basi. Ndege yako ina kilo 3 na nusu hivi. Ukitaka kitanzi kikubwa cha mviringo safi, lazima uingie kwa mbio, ubebe akiba ya mwendo na kuitumia kwenda juu. Kila kitu kinachokwaruza hewa kinakuibia kimo. Ndiyo maana kiwiliwili kilikuwa chembamba, bawa lilipigwa msasa mpaka likang'aa, na watu wakakubali mzigo na usumbufu wa magurudumu ya kukunja. Urembo haukuwamo. Walikuwa wanaokoa mita za kimo.

Mpe mchoraji huyohuyo nguvu ya kutosha. Ndege ya kilo 5 ikipanda wima kwa mita 20 kwa sekunde inahitaji wati 980 hivi kushinda uzito peke yake. Ongeza wati 250 za kushinda hewa. Pangaboi halifikishi nguvu yote, tuseme linafikisha asilimia 60, kwa hiyo kwenye mhimili unahitaji kilowati 2 hivi. Ukiwa nazo, huna haja ya kukimbia kabla ya kupanda. Unaingia na mita 20 kwa sekunde, unapanda na mita 20 kwa sekunde, na kule juu unageuka ukiwa na mwendo uleule. Akiba ya mwendo haina kazi tena, na ule wembamba wote uliotolewa sadaka kwa ajili yake hauna kazi pia.

Nitaendelea. Kwanza nasubiri wenye hoja.

Mwanaanga77

Mkuu, uzi mzuri, ila hapo kwenye chanzo naona umeruka hatua. Nguvu haikupunguza mwendo yenyewe. Sheria ndiyo iliyopunguza. Zamani rubani alifanya umbo moja mbele ya waamuzi, kisha akapita na kugeuka nje ya uwanja wa kuhukumiwa, akarudi kwa umbo la pili. Katikati ya miaka ya 1980 ukaja mtindo wa kuunganisha maumbo: unafanya umbo katikati, na kugeuka kwenyewe nako ni umbo lenye alama. Hapo ndipo kasi ikawa adui. Ungeziacha injini zilivyokuwa, bado ndege zingepunguza mwendo.

FundiBalsa

Umesema kweli, Mwanaanga, na ilinipasa nianze na hilo. Ngoja niliweke kwa tarakimu ili wageni walione.

Maumbo ya F3A huruka kwenye boksi la kufikirika angani: digrii 60 kulia kwa rubani, digrii 60 kushoto, na digrii 60 kwenda juu. Ukiruka umbali wa mita 150 mbele yako, upana wa boksi ni mita 520 hivi na kimo chake mita 260. Ndege ya mita 40 kwa sekunde inavuka upana huo kwa sekunde 13, ya mita 20 kwa sekunde 26. Ndani ya sekunde 13 uingie, ufanye umbo la katikati, utoke ukiwa mnyoofu, kisha ugeuke bila kuvuka mpaka. Ndege ya mbio ilikuwa inatapika nje ya boksi kila upande.

Lakini fikiria upande wa pili. Mtindo huo ungewezekanaje kwa ndege isiyoweza kupanda bila kukimbia? Sheria ilitaka mwendo mdogo na nguvu ikauruhusu. Na kila sheria ilipobadilika, ukomo wa injini nao ulisogezwa. Kwa miaka mingi ukomo ulikuwa cc 10. Baadaye injini za mipigo minne zikaruhusiwa kufika cc 20, kwa kuwa injini ya mipigo minne huwaka mara moja kila mizunguko miwili ya kranki, wakati ile ya mipigo miwili huwaka kila mzunguko. Kisha katika miaka ya 1990 ukomo wa ujazo ukaondolewa, ukabaki wa umbo na uzito: mita 2 kwa upana wa mabawa, mita 2 kwa urefu, kilo 5. Hapo injini zikapanda mpaka cc 23, 28 na kuendelea, na ndege zikaanza kunenepa kweli.

Kuna na sheria ya kelele, ambayo watu huisahau, na kwangu mimi ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Nitaifikia nikizungumzia pangaboi.

Kipimapembe

Wazee wa kazi, naomba historia kidogo. Nani aliruka nini?

FundiBalsa

Kwa ufupi, Kipimapembe, maana hili linastahili uzi wake. Mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za rimoti yalifanyika Dübendorf, Uswisi, mwaka 1960, na Ed Kazmirski wa Marekani akashinda na ndege yake Orion. Mwaka 1967 Phil Kraft alishinda na Kwik Fli. Mwaka 1977 Hanno Prettner wa Austria akaja na Curare, na ukitaka ndege moja tu ya kukuonyesha enzi ya injini ndogo yenye makali, itazame hiyo: nyembamba, mkia wa mlalo ulioinamishwa ncha zake chini, magurudumu ya kukunja. Prettner alikuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja. Ukitoka hapo mpaka ndege za Christophe Paysant-Le Roux wa Ufaransa, aliyetawala mashindano haya tangu mwisho wa miaka ya 1990, utaona kiwiliwili kinavyovimba kizazi baada ya kizazi. Iweke michoro kwa mpangilio wa miaka, kisha andika ujazo wa injini chini ya kila mmoja. Hutahitaji maelezo yangu.

FundiBalsa

Sasa pangaboi. Someni taratibu hapa, wakuu, hasa mnaonunua injini kwa kusoma farasi zilizoandikwa kwenye boksi.

Injini haisukumi ndege. Injini inazungusha pangaboi, na pangaboi ndilo linalosukuma. Nguvu ileile inaweza kugeuka msukumo mkubwa au mdogo kulingana na kipenyo. Ukichukua hewa kidogo na kuitupa nyuma kwa kasi kubwa, nguvu nyingi inapotelea kwenye ule upepo unaouacha nyuma. Ukichukua hewa nyingi na kuisukuma polepole, unapata msukumo zaidi kwa nguvu ileile. Kinadharia, ndege ikiwa imesimama, kutoka inchi 11 kwenda inchi 20 kwa nguvu isiyobadilika kunaongeza msukumo kwa karibu asilimia 49. Hujaongeza hata wati moja.

Linganisha mifano miwili. Injini ya cc 10 ya mipigo miwili yenye ekzosi ndefu iliyopimwa urefu wake ili mawimbi ya moshi yarudi kwa wakati: pangaboi la inchi 11 kwa hatua ya inchi 8, mizunguko 14,000 kwa dakika. Hatua ni umbali ambao pangaboi lingesonga kwa mzunguko mmoja kama lingekuwa linapenya ubao kama skrubu. Zidisha hatua kwa mizunguko, unapata mita 47 kwa sekunde. Huo ndio mwendo ambao pangaboi hilo linautaka. Ncha zake zinakimbia mita 205 kwa sekunde, na ncha za mwendo huo zinapiga kelele ambayo hakuna mafla ya kuinyamazisha, kwa sababu haitoki kwenye ekzosi kabisa.

Mfano wa pili, mota ya umeme ya leo: inchi 20 kwa 13, mizunguko 6,500. Mwendo wa hatua ni mita 36 kwa sekunde, ncha zinakwenda mita 173. Kelele imeshuka, msukumo umepanda, na ndege imefungwa breki ya asili, maana kila inapojaribu kukimbia zaidi, pangaboi linakataa.

Hapo ndipo sheria ya kelele inapoingia. Ilipowekwa kikomo cha desibeli, njia pekee ya kweli ilikuwa kupunguza mizunguko. Ukipunguza mizunguko bila kupoteza nguvu, lazima uongeze pangaboi. Ukiongeza pangaboi, unahitaji torki, ile nguvu ya kuzungusha mhimili, yaani injini yenye mwendo mrefu wa pistoni au ya mipigo minne. YS, watengenezaji injini wa Japani, walifaulu sana hapa, kwa sababu injini zao za mipigo minne zilitumia upande wa chini wa pistoni kushindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda, zikatoa nguvu ya injini kubwa kwenye mwili mdogo. Na pangaboi likishakuwa kubwa, ndege yote inabadilika. Fuateni mnyororo huu:

Pangaboi la inchi 20 lina nusu kipenyo cha sentimita 25. Lazima pua isimame juu. Kwa hiyo miguu inarefuka. Miguu mirefu haiingii ndani ya bawa, na hata ikiingia, kifaa cha kukunja kina uzito ambao huutaki. Je, unapoteza nini ukiiacha nje? Ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo. Mguu uliokuibia sana kwenye mita 40 kwa sekunde unakuibia robo tu kwenye mita 20. Basi magurudumu ya kukunja yakaondoka na gurudumu la pua likaondoka, ndege ikakaa kwa mkia. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema magurudumu ya kukunja yamepitwa na wakati. Pangaboi ndilo lililoyaondoa.

DadaSeli

Hapo kwenye torki ongeza neno, kaka Fundi, maana ndiko wengi wanakoteseka bila kujua.

Nguvu ni torki mara mwendo wa kuzunguka. Kilowati 1.6 kwenye mizunguko 14,000 ni torki ya nyutoni mita 1 na kidogo. Kilowati 2.5 kwenye mizunguko 6,500 ni karibu 3.7. Nguvu imeongezeka kwa nusu tu, torki imeongezeka zaidi ya mara tatu. Torki hiyo yote inataka kuibiringisha ndege upande wa pili. Halafu upepo wa pangaboi unajizungusha kuzunguka kiwiliwili kama uzi kwenye pia na kupiga mkia wa wima upande mmoja. Ukienda polepole na nguvu kubwa, kama kwenye mstari wa wima, athari hii ni kubwa kuliko wakati wowote.

Ndiyo maana mota hufungwa ikiwa imegeuzwa kulia digrii 2 au 3. Ni suluhisho la wastani, halijawahi kuwa sahihi kwa kila mwendo. Wengine wakaenda mbali zaidi: mapangaboi mawili kwenye mhimili mmoja, yanayozunguka kinyume. La nyuma linanyoosha mzunguko wa hewa uliotiwa na la mbele, torki zinafutana, na unaifunga mota ikiwa imenyooka. Niliporusha ndege ya namna hiyo mara ya kwanza, nilipanda wima nikiwa nimejiandaa kusahihisha kwa usukani, lile bapa la mkia wa wima, kama kawaida yangu, na nikakuta mimi ndiye ninayeipindisha. Ilikuwa inakwenda yenyewe, imenyooka kama timazi. Lakini kuna gia, kuna uzito, na kuna sauti yake ya kipekee ambayo ukiisikia mara moja huisahau.

Mwanaanga77

Na unene wa kiwiliwili? Fundi amesema wembamba haukuwa na kazi tena. Sawa, lakini kukosa sababu ya kuwa mwembamba si sababu ya kuwa mnene.

FundiBalsa

Swali la mtu anayechora. Sababu zipo mbili.

Ya kwanza ni kuruka kwa ubavu. Ndege ikilala upande, bawa limesimama wima na halinyanyui chochote. Kiwiliwili ndicho kinachogeuka kuwa bawa, kwa kuinuliwa pua kwa usukani. Nguvu ya kunyanyua inafuata mraba wa mwendo. Ukipunguza mwendo nusu, kiwiliwili kilekile kinanyanyua robo. Ndege ya mita 40 kwa sekunde ingeweza kuruka kwa ubavu na kiwiliwili cha kawaida. Ya mita 20 inahitaji ubavu mpana sana ili isizame, au isilazimike kuinua pua kiasi cha kuchukiza. Na kumbukeni kwamba kiwiliwili ni bawa bovu: fupi mno kwa upana wake. Bawa la namna hiyo likibeba uzito linatoza ukinzani mkubwa mno, na anayelipa ni injini. Mchoraji wa 1970 angeweza kuchora ubavu mpana, penseli alikuwa nayo. Nguvu ya kuuvuta hakuwa nayo. Leo utaona hata kibawa kidogo kimewekwa juu ya kioo cha rubani ili kupanga hewa wakati wa kuruka kwa ubavu na kuongeza eneo la pembeni, na ndege za mabawa mawili, juu na chini, zimerudi. Vitu hivi vyote vinakula nguvu, na nguvu ipo.

Sababu ya pili ni kushuka. Waamuzi wanataka mwendo usiobadilika juu na chini. Kupanda tumeshakulipia. Kwenye kushuka wima, uzito unavuta ndege pamoja na msukumo wowote uliobaki, na ndege nyembamba inakimbia kama mkuki. Mwili mnene unakwaruza hewa, na pangaboi kubwa la mwendo mdogo linageuka breki. Kwenye mota ya umeme unaweza hata kupanga kidhibiti mwendo kiizuie mota kuzunguka kwa uhuru. Ukinzani uleule uliopigwa msasa kwa miaka 20 ili uondoke, sasa unachorwa makusudi.

Jambo lingine dogo lenye uzito. Kitanzi cha nusu kipenyo cha mita 50 kwa mita 40 kwa sekunde kinabana ndege kwa zaidi ya mara 4 ya uzito wake pale chini. Kwa mita 20, hata mara 2 haifiki. Maumbo ya ghafla bado yanapiga bawa sana, sisemi ujenge kwa karatasi, ila mbao nyingi zilizowekwa kwa hofu ya kasi zimeweza kutolewa. Ndiyo maana ndege ya mita 2 inaingia ndani ya kilo 5.

DadaSeli

Kilo 5 hizo zilitutesa sisi wa umeme. Kwa miaka mingi sheria ilikuwa ndege ya mafuta ipimwe tangi likiwa tupu, ya umeme ipimwe na betri zake ndani. Betri za seli 10 za uwezo wa mAh 5,000 zina kilo 1.2 hivi. Kwa hiyo ndege yenyewe, mota, servo (vimota vya kusogeza mabapa ya kuongozea) na kila kitu, igawane kilo 3.8. Hapo watu walijifunza kujenga upya: maganda ya nyuzi za kaboni yenye povu katikati, mbao nyepesi za balsa zilizochaguliwa kipande kwa kipande kwa mizani, servo ndogo.

Tulisaidiwa na jambo moja: mota haitetemeki. Injini ya mafuta inahitaji ukuta mnene wa pua, mipira ya kufyonza mtetemo, na handaki chini ya tumbo la kupitishia ekzosi. Vyote hivyo tuliving'oa. Pia uzito haubadiliki angani. Mwenye tangi anaanza na pua nzito na kumaliza na nyepesi, isipokuwa atie tangi katikati ya bawa na kutumia pampu.

Nishati nayo nawapa mje na kikokotoo: volti 37 mara 5 ni wati saa 185. Ukitumia asilimia 80 kwa dakika 8, wastani ni wati 1,100. Kilele kinafika 2,500 na zaidi, ila kilele ni sekunde chache za kupanda. Volti yenyewe ina ukomo wa 42.56 kwa sheria, ndiyo maana kila mtu ameishia kwenye seli 10.

Mgeni_wa_Uwanja

Shikamooni. Mimi ni mgeni kabisa. Hizi zinazoning'inia hewani zimesimama wima kwa pangaboi, nazo zinafuata mantiki hiyohiyo?

FundiBalsa

Marhaba, karibu sana. Ndiyo, na zimeifikisha mwisho wake. Ndege ikining'inia, mwendo ni sifuri, kwa hiyo bawa halina kazi, na msukumo lazima uzidi uzito. Kwa vitendo unataka mara moja na nusu au mbili, ili uweze kuchomoka. Hewa pekee inayopita kwenye mkia ni ile inayotupwa na pangaboi. Ndiyo maana eleveta (bapa la mkia wa mlalo) na usukani wake ni mikubwa kama milango na inapinda digrii 45, na eleroni (mabapa ya nyuma ya bawa) zinaanzia kwenye kiwiliwili kabisa, zikaoshwe na upepo huo. Hatua ya pangaboi ni ndogo, kipenyo kikubwa. Ndege hiyo ukiirusha kwa mstari mnyoofu wa mwendo wa kasi inayumba na kuchosha. Imechorwa kwa kusimama.

FundiBalsa

Kabla sijasahau, niwape tukio langu, maana kuna mtu anafikiria kulifanya sasa hivi.

Niliwahi kuchukua ndege ya mtindo wa zamani, iliyochorwa kwa cc 10, nikaitia injini ya mipigo minne ya cc 20. Nilijua nitapata ndege ya kisasa kwa bei ya injini tu. Pua ikawa nzito, nikaongeza risasi mkiani. Pangaboi la inchi 15 likakaribia kugusa ardhi, nikarefusha miguu na kuacha kuikunja. Ilipanda vizuri ajabu. Ndipo nikaielekeza chini kutoka juu ya boksi bila kupunguza moto wa kutosha. Mwili mwembamba, uzito zaidi, na hakuna cha kuizuia. Nikasikia mlio kama kitambaa kinapasuka: eleroni ya kushoto ilikuwa inatetemeka kwa kasi mpaka bawaba moja ikachomoka. Niliituliza, nikaitua, mikono ikinitetemeka. Nguvu niliongeza, lakini ule mwili ulichorwa kwa ajili ya kutunza mwendo, na uliutunza wote nilioupa.

Mgeni_wa_Uwanja

Mzee Fundi, ni kama ulikuwa unaniangalia. Nimeachiwa mwili wa zamani kabisa wa cc 10, magurudumu ya kukunja yanafanya kazi, injini haipo. Nilitaka kutia mota ya umeme ya seli 10 na pangaboi kubwa. Nisifanye?

DadaSeli

Usifanye, mdogo wangu. Ipe ndege ile nguvu iliyochorewa. Seli 6 zinakutosha: volti 22, ampea 65 hivi, zinakupa wati 1,400. Pangaboi la inchi 13 kwa 10 kwenye mizunguko 10,000 lina mwendo wa hatua wa mita 42 kwa sekunde. Irushe inavyotaka yenyewe, vitanzi vikubwa, mbio ndefu kabla ya kupanda. Betri iweke karibu na kitovu cha uzito ilipokuwa tangi, kata mlango juu yake na uimarishe kingo zake kwa mbao nyembamba. Tundu la kutoa hewa ya moto liwe kubwa kuliko la kuingiza. Kisha pima kimo: kutoka katikati ya mhimili wa mota hadi ardhini, ndege ikiwa imesimama kwa magurudumu yote.

Mgeni_wa_Uwanja

Nimepima, dada. Sentimita 19.

DadaSeli

Basi inchi 13 inakuachia sentimita 2 na nusu. Kwenye lami sawa, kwenye nyasi litachimba. Shuka hadi inchi 12 kwa 10, mota ya mizunguko 600 hivi kwa kila volti, ikuzungushie 11,000. Nguvu inabaki karibu ileile, kimo kinakuwa sentimita 3.8, na mwendo wa hatua unafika mita 46.

FundiBalsa

Na ile cc 10 niliyoipigia hesabu ilikuwa 47. Kagua bawaba za eleroni kabla hujaifunika, na fimbo zake zisiwe na ulegevu hata kidogo. Ukiirusha, leta picha hapa ikiwa imekunja magurudumu.